Barua ya wazi: Msinunue pikapu za haibridi kabla ya kuweka soketi

Kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi, Waziri wa Nishati na Petroli, Waziri wa Hazina ya Taifa, wakuu wa EPRA (mamlaka ya nishati na petroli) na KEBS (shirika la viwango), na Gavana wa Kaunti ya Nairobi

Waheshimiwa,

Naandika kama mtu anayetia sahihi karatasi za mafuta. Ninasimamia magari ya kampuni moja ya usambazaji hapa Industrial Area, pikapu nyingi na malori machache, na kila mwisho wa mwezi lazima nimweleze mkurugenzi kwa nini gari moja limekunywa kuliko jingine ilhali yote mawili yalikuwa njia ya Thika. Kwa hivyo nikiambiwa kuna pikapu inayokwenda kilomita 50 kwa lita moja, sikimbilii kupiga makofi. Nauliza kipimo kilifanywa wapi, nani alichaji, na nani alilipa.

Ninazozungumzia ni pikapu za haibridi za kuchaji. Zina injini ya petroli, zina mota za umeme, na zina betri kubwa ambayo unaichomeka kwenye soketi usiku. BYD ilizindua Shark nchini Mexico mwaka 2024, ikaipeleka Australia, kisha mwaka 2025 ikaifikisha Afrika Kusini. GWM ina Cannon Alpha. Ford inaunda Ranger ya aina hiyo katika kiwanda chake cha Silverton, Pretoria. Australia na Afrika Kusini wanaendesha upande wetu wa barabara, usukani kulia, kwa hivyo hakuna cha kuzizuia zisifike huku. Zitakuja kwa maduka ya magari mapya, zitakuja kwa mtumba, na siku moja zitakuja kwenye zabuni ya magari ya serikali, yale ya namba za GK, zikiwa na karatasi nzuri inayoonyesha serikali itaokoa mamilioni ya mafuta.

Ombi langu kwenu ni hili: msitoe nafuu ya ushuru wala kupitisha zabuni kwa kutazama namba ya kwenye kibandiko cha matumizi ya mafuta. Tazameni gari litalala wapi na litachomekwa na nani. Akiba yote ya pikapu hizi iko hapo.

Tuanze na kibandiko chenyewe. Australia, Shark inaandikiwa lita 2 kwa kilomita 100. Cannon Alpha inaandikiwa 1.7. Kwa sisi tunaohesabu kilomita kwa lita, hizo ni kilomita 50 na karibu 59. Pikipiki ya bodaboda yenyewe ingeona aibu. Lakini BYD hao hao wanasema kwamba betri ikiwa chini ya asilimia 25, Shark inatumia lita 7.9 kwa kilomita 100, yaani kilomita kumi na mbili na ushei kwa lita. Namba hizo mbili ni za gari lile lile, injini ile ile ya lita 1.5. Kilichobadilika ni betri tu.

Tofauti hiyo kubwa inatokana na kanuni ya kipimo. Namba hizo za Australia zilitolewa kwa kipimo cha zamani cha Ulaya kiitwacho NEDC, ambacho Ulaya wenyewe walianza kukiacha mwaka 2017. Kwa haibridi za kuchaji, hesabu yake inachukulia kwamba dereva ataanza na betri iliyojaa, ataendesha kwa umeme mpaka uishe, kisha ataendesha kilomita 25 tu kwa petroli, halafu achomeke tena. Shark inapewa kilomita 100 za umeme kwa kipimo hicho. Kwa hivyo katika kila kilomita 125 za kwenye karatasi, kilomita 100 karibu hazihesabiwi mafuta kabisa. Betri ikizidi kuwa kubwa, ndivyo lita za kibandiko zinavyozidi kupungua, hata kama mwenye gari hajawahi kugusa waya. Hakuna aliyedanganya hapo. Kanuni ndiyo iliyoandikwa kwa mtu anayechaji kila siku bila kukosa.

Je, watu huchaji? Ulaya wamelipima hilo kwa magari yenyewe barabarani. Magari mapya ya kule hunasa ndani yake mafuta yaliyotumika tangu siku ya kwanza, na haibridi za kuchaji hunasa pia umeme uliotoka kwenye soketi. Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa matokeo ya magari yaliyosajiliwa mwaka 2021. Magari ya kawaida ya petroli na dizeli yalizidi namba zao za maabara kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo msimamizi yeyote wa magari angeweza kuwaambia bure. Haibridi za kuchaji zilitoa kaboni mara 3.5 ya ilivyodaiwa. Baada ya kuona hayo, Ulaya imeamua kubana hesabu yake kwa awamu, kuanzia 2025 na tena 2027, ili kibandiko kikaribie ukweli.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa Hazina ya Taifa iusome mara mbili. Mwaka 2022 taasisi za utafiti za ICCT na Fraunhofer ISI zilitenganisha magari ya watu binafsi na magari ya kazini barani Ulaya. Haya yalikuwa magari madogo, si pikapu, lakini tabia ni ya binadamu. Mtu anayejilipia mafuta alitumia lita 4 hadi 4.4 kwa kilomita 100, na karibu nusu ya mwendo wake ulikuwa wa umeme. Mwenye gari la kampuni alitumia lita 7.6 hadi 8.4, na umeme ulikuwa asilimia 11 hadi 15 tu ya mwendo wake. Uingereza nako, mwaka 2018, ilibainika kwamba baadhi ya magari ya aina hii yaliyotumiwa na makampuni yalirudishwa na waya za kuchajia zikiwa bado kwenye karatasi zake za nailoni. Zilikaa kwenye buti miaka yote, hazijafunguliwa.

Mimi sikushangaa. Dereva wangu ana kadi ya mafuta. Akiingia kituo cha mafuta pale Enterprise Road, dakika tano ameondoka na tangi limejaa, na hakuna shilingi yake iliyotoka. Akichomeka gari nyumbani, tokeni ni zake. Atanidai vipi? Alete karatasi ya tokeni niitenganishe na friji na pasi ya mama watoto? Nimejaribu kuwaza fomu ya kurudisha pesa hizo na kila nikiiandika naona mlango wa wizi. Sasa mkikuza tatizo hilo liwe la wizara nzima, yenye fungu la mafuta upande mmoja na fungu la stima upande mwingine, na ofisa tofauti kwa kila fungu, mtapata magari ya GK yanayobeba betri ya mamia ya kilo kwenda na kurudi bila kuitumia.

Na betri hizo si nyepesi. Shark tupu ina kilo 2,710. Ikiishiwa chaji, injini ya lita 1.5 ndiyo inabaki kuuvuta uzito huo kutoka Mai Mahiu kupanda hadi Limuru, na watu watano ndani.

Naomba mnivumilie hapa kwa hesabu, maana mambo mengi yamelala ndani yake. Tuseme petroli ya super ni shilingi 180 kwa lita na dizeli 170, namba za kukadiria tu. Mnakumbuka Oktoba 2023 super ilipofika 217.36 Nairobi. Tuseme stima ya nyumbani, ukijumlisha kodi na tozo zote, ni shilingi 28 kwa uniti, yaani kilowati-saa moja. Pikapu ya dizeli iliyozoeleka, kwenye msongamano wa Jogoo Road na Mombasa Road, itakula lita 11 kwa kilomita 100. Haibridi ya kuchaji mjini itakula kama uniti 33 kwa kilomita hizo hizo, ukihesabu na zile zinazopotea wakati wa kuchaji.

Mtu anayeendesha kilomita 60 kwa siku ndani ya Nairobi atalipa dizeli ya shilingi 1,120 hivi. Akichaji usiku, stima ni shilingi 555 hivi. Ni nusu bei. Na hapa gari hili liko nyumbani kwake kweli, kwa sababu kwenye jemu injini ya dizeli inanguruma bure, ilhali mota ya umeme iliyosimama haili kitu, na kila ukikanyaga breki sehemu ya nguvu inarudi kwenye betri. Anayesema pikapu hizi ni ulaghai mtupu hajazielewa.

Sasa mpeleke mtu huyo Nakuru na kurudi siku hiyo hiyo, kilomita 320. Betri itambeba kilomita 75 hivi za kwanza, kabla hajafika Naivasha. Zilizobaki 245 anakwenda kwa petroli, tuseme lita 9 kwa 100, na hapo nimekuwa mkarimu ukizingatia mwendo wa barabara kuu na milima. Hiyo ni lita 22, karibu shilingi 4,000, pamoja na stima ya 700 aliyochaji usiku. Pikapu ya dizeli kwa lita 8.5 ingetumia lita 27, shilingi 4,600 na kitu. Wametoka sare. Yote haya, gari moja ni jipya lenye teknolojia ya kisasa na bei yake, na jingine fundi yeyote wa Kirinyaga Road analifungua akiwa anaongea na simu.

Na yule asiyechaji kabisa? Safari ya Nakuru inamgharimu shilingi 5,180. Amechoma lita nyingi kuliko mwenye dizeli, tena za mafuta ambayo kwa kawaida ni ghali zaidi kuliko dizeli. Huyo ndiye dereva wenu wa GK, Waheshimiwa, kama hamtamwekea soketi.

Kuhusu matumizi ya kazi nitasema machache, kwa kuwa biashara nyingi zitajiamulia zenyewe. Shark inayouzwa Australia inabeba kilo 790, na hapo mmehesabu watu na mizigo pamoja. Weka dereva na turnboi, zimebaki kama 640. Gunia la viazi la kilo 50 mara kumi na mbili, umemaliza. Mfanyabiashara wa Kinangop anayeshusha viazi Marikiti alfajiri na pikapu ya kebini moja inayobeba zaidi ya tani hawezi kuiangalia mara ya pili. Anayevuta trela naye ataikuta Shark hii ya lita 1.5 inakomea kilo 2,500, wakati Ranger na Cannon Alpha zinafika 3,500. Ila Ranger hiyo betri yake ni ya uniti 11.8 tu na umeme wake hauzidi sana kilomita 45 hata kwenye karatasi. Kila moja imechagua pa kujinyima.

Lakini kuna jambo ambalo karatasi za zabuni hulipuuza na mimi naliona kubwa. Shark inaweza kutoa umeme, hadi kilowati 6.6, kutoka kwenye soketi zake za nyuma. Mtu wa kulehemu geti pale Ruai stima ikipotea anafanya kazi. Zahanati ya kaunti inaweza kuwasha friji ya chanjo. Pampu ya maji inazunguka mafuriko yakiingia Mukuru. Kwa gari la kaunti, huo ni msaada mkubwa kuliko lita mbili tatu za petroli. Kama mtanunua chache, zipeni idara za dharura na afya kwanza, si wakurugenzi.

Nirudi kwenye soketi, kwa sababu hapo ndipo nyinyi mna uwezo na sisi hatuna.

Wengi wetu Nairobi tunaishi kwenye nyumba za kupanga, ghorofa juu ya ghorofa. Kwenye ploti ya jirani yangu huku Kasarani kuna mtu aliyeleta haibridi ya mtumba ya kuchaji, gari dogo. Anakaa ghorofa ya pili. Jioni anateremsha ekstensheni kupitia dirisha la bafu, ameizungushia karatasi ya nailoni pale inapogusa chuma cha dirisha ili mvua isiingie. Nilipita siku moja nikaona plagi ya ekstensheni imegeuka rangi ya kahawia upande mmoja, plastiki imelainika. Mwangalizi wa ploti alimkataza asitumie soketi ya chini kwa sababu iko kwenye mita ya mwenye nyumba, ile ya taa za ngazi. Siku hizi gari lake linakwenda kwa petroli kama mengine yote. Yeye ana nia, anajilipia mafuta mwenyewe, na bado imemshinda.

Hata mwenye nyumba yake mwenyewe ana kikwazo cha saa. Soketi ya kawaida ya pini tatu, ukiitumia kwa usalama usiku kucha, inatoa kama kilowati 2.2. Bei nafuu ya usiku ya umeme wa magari, nitakayoitaja hivi punde, inaanza saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, jumla ya saa nane. Hapo utapata uniti 17 au 18, ilhali betri ya Shark ni ya uniti 29.58 na sehemu unayoitumia kila siku inahitaji kama 25 kuijaza. Unahitaji chaja ya ukutani ya kilowati 7, na waya mzito, na fundi aliyesajiliwa. Tena ukichaji kwa mita ya nyumbani, usiku nne tu zimekupitisha uniti 100 na kukutupa kwenye daraja la juu la bei, wewe na taa zako zote.

EPRA mlifanya jambo zuri Aprili 2023 mlipoweka bei ya pekee ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti na 8 usiku, kabla ya tozo, hadi uniti 15,000 kwa mwezi. Uniti 15,000 ni karakana ya mabasi. Mtu wa pikapu moja anahitaji 500. Naomba Kenya Power waelekezwe kumpa mtu huyo mita ya pili ya bei hiyo kwa fomu moja na ada inayolipika, na wenye ploti wapewe njia rahisi ya kuweka mita hiyo kwenye maegesho, ya tokeni, kila mpangaji na yake. Mitambo ya Olkaria, inayozalisha stima kwa mvuke wa ardhini, haiwezi kuzimwa usiku. Mahitaji yakishuka, mvuke mwingine huachiliwa hewani. Mnaoutupa ni umeme ambao gari la Kasarani lingeununua.

Kwa magari ya serikali jambo ni jepesi zaidi kuliko kwetu, na hili sijaona likisemwa. Gari la GK linarudi kulala uani: kituo cha polisi, makao ya kaunti ndogo, hospitali, wizara. Halina ghorofa ya pili wala dirisha la bafu. Mahali hapo hapo panaweza kuwekwa chaja kumi zenye mita yake, zinazowaka saa nne usiku. Kama kuna mwajiri Nairobi anayeweza kuzitumia pikapu hizi inavyopasa, ni nyinyi. Masharti ni kwamba chaja ziwe zimefungwa na kujaribiwa kabla ya gari la kwanza kushuka Mombasa, na bili ya mita hiyo ilipwe kutoka fungu lile lile la mafuta, ili ofisa akipunguza lita aone pesa zake zimebaki.

Bili ilipwe, nimesema. Februari 2025 Kenya Power ilikata stima kwenye ofisi za kaunti kwa sababu ya madeni, na wiki hiyo hiyo taka zikamwagwa nje ya Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power. Sitaki kuingilia nani alikuwa na haki. Nauliza tu: pikapu za zima moto na za afya zikiwa zimechomekwa uani siku kama ile, asubuhi zitaondoka na nini? Zitaondoka na petroli, ni kweli, hiyo ndiyo faida ya kuwa na injini mbili. Lakini basi akiba iliyoandikwa kwenye zabuni imekwisha siku hiyo. Mita za chaja ziwe za kulipia kabla, zisiunganishwe na deni la taa za barabarani.

Upande wa ushuru, mwaka 2019 magari ya umeme mtupu yalipunguziwa ushuru wa bidhaa kutoka asilimia 20 hadi 10. Wauzaji wa haibridi za kuchaji watawaomba nafasi hiyo hiyo, na watakuja na kibandiko cha lita 2. Australia waliwapa haibridi hizi msamaha wa kodi kwa magari ya kazini, kisha wakauondoa tarehe 1 Aprili 2025 huku wakiuacha kwa magari ya umeme mtupu. Uingereza waliondoa ruzuku yao mwaka 2018. Sisemi tuwanyime. Nasema nafuu ipimwe kwa uwezo wa betri na iambatane na chaja: anayenunua gari aonyeshe cheti cha chaja iliyofungwa mahali gari linapolala, ndipo apate punguzo. Asiye na pa kuchomeka anunue haibridi ya kawaida isiyochajiwa, au dizeli yake, na asilipiwe na mlipa kodi betri atakayoibeba bure.

Najua kuna atakayesema kwamba anayechaji hatalipa tozo ya barabara, ile ya shilingi 25 kwa lita tangu Julai 2024. Ni kweli, na gari la tani mbili na robo tatu linaumiza lami kuliko Probox. Hilo linahitaji mjadala wake. Lisitumike kama kisingizio cha kuacha bei ya usiku.

KEBS, kwenu nina ombi moja. Mtumba wetu una kikomo cha miaka minane. BYD kule Australia wanatoa dhamana ya betri ya miaka minane au kilomita 160,000. Piga hesabu: pikapu hizi zikianza kuingia kwa mtumba, nyingi zitafika Mombasa dhamana ikiwa inapumua pumzi za mwisho, na aliyelipa kule nje hatakuwepo. Cheti cha ukaguzi kabla ya gari kusafirishwa kiandike afya ya betri kwa asilimia, iliyosomwa kutoka kwenye kompyuta ya gari, na kifaa kilichotumika kitajwe. Odometa zinarudishwa nyuma kila siku na tunajua. Betri mbovu ndani ya haibridi haijitangazi. Gari linawaka, linatembea, mnunuzi anafurahi, kisha miezi inapita anagundua kwamba amenunua gari zito la petroli la injini ndogo. Na tafadhali wafikirieni mafundi. Waya za rangi ya machungwa chini ya magari haya zina volti za kuua, na vijana wetu wa gereji wanafundishana wenyewe kwa video za simu.

Kabla ya yote hayo, fanyeni jaribio. Australia serikali ilitoa dola zao milioni 14 ili chama cha wenye magari kipime magari barabarani, na matokeo yanatangazwa kwa majina ya magari. Sisi hatuhitaji fedha hizo. Chukueni pikapu tatu, moja ya dizeli na mbili za haibridi za kuchaji. Ziende Athi River na kurudi saa za msongamano, ziende Nakuru, ziende Narok na mzigo wa nusu tani, kwanza betri ikiwa imejaa, kisha bila kuchaji wiki nzima. Mafuta yapimwe kwa lita zilizoingia tangini na stima kwa mita, asipewe muuzaji kusimamia. Wahandisi wa vyuo vikuu vyetu wanaweza kuifanya kazi hiyo vizuri na kwa furaha.

Kisha zabuni yoyote itakayofuata iseme kwamba gari lazima linase mafuta na umeme wa soketi tangu siku ya kwanza, na kwamba takwimu hizo ni mali ya umma. EPRA hutangaza bei ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na nchi nzima hukaa ikisubiri. Siku hiyo hiyo itolewe karatasi ya pili: kila pikapu ya GK, lita ilizokunywa, uniti ilizochaji, kilomita ilizokwenda, na uani ilikolala.

Wenu,
Msimamizi wa magari, Industrial Area, Nairobi